Mkaa wa Mifupa na Maganda: Taka za Chakula Zinazosafisha Maji

Leo tunazungumza na walezi wa Thika, Juja, Ruiru na vitongoji vyake, na jambo lenyewe ni maji ya mtoto.

Tuanze na swali moja. Maji uliyompikia mtoto uji asubuhi ya leo yametoka wapi? Huenda ni ya mfereji wa kampuni ya maji. Huenda ni ya mvua. Na huenda, kama ilivyo katika ploti nyingi za kupangisha huku kwetu, ni ya kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine, yakapandishwa kwenye tangi juu ya nyumba au yakaletwa kwa mkokoteni katika mitungi ya lita 20.

Tunauliza kwa sababu maji yanaweza kuwa maangavu, yasiwe na harufu, yawe yamechemshwa vizuri, na bado yaharibu meno ya mtoto. Pia tutakueleza jinsi taka ambazo viwanda vya chakula na vichinjio hutupa, yaani mifupa na maganda, zinavyoweza kugeuzwa kuwa mkaa wa kusafisha maji. Sikiliza vizuri, kwa maana mikaa hii haifanyi kazi moja.

UCHAFU USIOONEKANA

Tumezoea kuogopa uchafu wa aina mbili. Wa kwanza tunauona: matope, majani, rangi. Wa pili hatuuoni lakini tunaujua kwa matendo yake: vijidudu vya kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu. Kuna na wa tatu, nao ni madini yaliyoyeyuka ndani ya maji. Moja kati ya hayo ni floraidi.

Floraidi hutoka ardhini. Miamba mingi ya Kenya ilitokana na volkeno zamani sana, na maji yanayokaa ndani ya miamba hiyo kwa miaka mingi huyeyusha floraidi kidogo kidogo. Ndiyo maana mara nyingi visima virefu vya mashine huwa na floraidi nyingi kuliko mito inayoshuka kutoka milima ya Nyandarua, kama Chania na Thika.

Jambo hili limejulikana kwa muda mrefu. Mwaka 1984 watafiti walichapisha matokeo ya kupima maji ya chini ya ardhi zaidi ya sampuli 1,000 kutoka sehemu mbalimbali za Kenya. Katika kila sampuli 100, kama 61 zilikuwa na zaidi ya miligramu 1 ya floraidi katika lita moja, na karibu 20 zilipita miligramu 5. Viwango vya juu vilipatikana katika maeneo ya volkeno ya Bonde la Ufa, Nairobi na Mkoa wa Kati wa wakati huo. Thika na Ruiru zilikuwa ndani ya Mkoa wa Kati.

Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi katika lita moja. Hicho ni kiasi kidogo mno, kidogo kuliko chumvi unayoshika kwa ncha za vidole viwili. Huwezi kukiona wala kukionja.

Hatusemi kwamba kila kisima cha Ruiru au Thika ni kibaya. Visima viwili vya majirani vinaweza kutofautiana. Tunasema kwamba huwezi kujua kwa kutazama. Ni lazima maji yapimwe.

KWA NINI MTOTO NDIYE HUUMIA ZAIDI

Floraidi kidogo husaidia meno, ndiyo maana huwekwa katika dawa ya meno. Ikizidi, huharibu. Meno ya ukubwani ya mtoto hutengenezwa ndani ya ufizi tangu anapozaliwa hadi umri wa miaka 8 hivi. Mtoto akinywa maji yenye floraidi nyingi katika miaka hiyo, meno yatatoka na madoa meupe, ya manjano au ya kahawia. Yaliyoathirika sana huwa na vishimo na kumeguka.

Mama, madoa haya hayatoki kwa kupiga mswaki. Mtoto haoni aibu sasa akiwa na miaka miwili, kwa sababu meno yenyewe hayajatoka. Aibu itakuja atakapokuwa darasani, akifunika mdomo kwa mkono kila anapocheka, na wenzake wakidhani hapigi mswaki. Na mtu akinywa floraidi nyingi sana kwa miaka mingi, mifupa na viungo navyo huanza kuuma na kukakamaa.

KUCHEMSHA HAKUONDOI FLORAIDI

Kuchemsha maji ni jambo jema, na usiache. Moto huua vijidudu. Lakini floraidi si kijidudu, haifi. Maji yanapochemka, mvuke huenda zake na floraidi hubaki ndani ya sufuria.

Tufanye hesabu pamoja. Una lita 2 za maji, kila lita ina miligramu 3 za floraidi. Jumla ni miligramu 6. Ukichemsha hadi zibaki lita moja na nusu, zile miligramu 6 bado zipo, ila sasa ziko katika maji machache. Kila lita ina miligramu 4. Umeua vijidudu, lakini floraidi imekolea zaidi.

Dawa ya klorini nayo huua vijidudu na kuiacha floraidi ilivyo. Kichungi cha kitambaa au cha mchanga hakiishiki. Hapo ndipo taka za kichinjioni zinapoingia.

MIFUPA KUTOKA KICHINJIONI

Kila siku ng'ombe huchinjwa, nyama huenda buchani na jikoni, na mifupa hubaki. Mingine husagwa kuwa chakula cha mifugo, mingine hutupwa ikaoza na kuleta nzi na mbwa. Lakini mfupa una siri moja.

Mifupa na meno yameumbwa kwa madini ya aina moja, yenye kalsiamu na fosfeti. Floraidi hupenda kushikamana na madini haya. Ndiyo sababu ikiingia mwilini hukimbilia meno na mifupa ya mtoto. Mkaa wa mifupa hutumia tabia hiyo hiyo: tunaipa floraidi mfupa wa ng'ombe ishikamane nao, kabla haijafika kwenye mfupa wa mtoto.

Kazi hii imefanywa hapa hapa Kenya. Mpango wa maji wa Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru ulianza kushughulikia mkaa wa mifupa mwaka 1998, kwa sababu visima vingi vya Nakuru na Bonde la Ufa vina floraidi nyingi. Walikusanya mifupa, wakaichoma katika tanuri, wakaisaga na kuitia katika ndoo za kuchujia maji nyumbani na katika matangi makubwa ya jamii. Baadaye walishirikiana na Eawag, taasisi ya utafiti wa maji ya Uswisi, kutafuta njia ya kuufanya mkaa udumu muda mrefu zaidi. Jirani zetu wa Tanzania nao wana kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi huko Ngurdoto, karibu na Arusha, ambako pia mkaa wa mifupa umetumika.

Mkaa huu hutengenezwaje? Mifupa husafishwa, kisha huwekwa katika tanuri lenye hewa kidogo na kupashwa joto la nyuzi kama 400 hadi 500. Mafuta na nyama iliyobaki huungua na kuisha. Mfupa ulioiva vizuri huwa mweusi au wa kijivu. Ukipungukiwa na moto, maji yatanuka na kuwa na ladha mbaya. Ukizidishiwa moto, mfupa hugeuka mweupe na nguvu ya kushika floraidi hupungua. Baada ya hapo husagwa kuwa chembe ndogo, huoshwa mara nyingi, na maji yanayopita ndani yake hupimwa kabla ya mtu kunywa.

MAGANDA YA KIWANDANI

Sasa turudi Thika. Mji huu ni wa viwanda vya chakula. Kuna mananasi ya mkebe, mafuta ya kupikia, kahawa na makadamia. Kenya Nut Company, iliyoanzishwa mwaka 1974, ina kiwanda chake hapa Thika. Makadamia ina ganda gumu kuliko njugu nyingine nyingi, na sehemu kubwa ya uzito wa kokwa ni hilo ganda. Kahawa nayo huacha maganda kila inapokobolewa. Maganda haya mara nyingi huchomwa kama kuni.

Lakini ganda gumu kama la makadamia au kifuu cha nazi linaweza kufanya kazi zaidi ya kuwasha moto. Likichomwa bila hewa ya kutosha huwa mkaa. Mkaa huo ukipitishiwa mvuke wenye joto kali sana, nyuzi 800 au zaidi, hufunguka vitundu vidogo visivyohesabika. Huitwa mkaa amilifu. Gramu moja tu, kama nusu kijiko cha chai, ukitandaza kuta zote za vitundu vyake, hupita mita mraba 500. Yaani ni zaidi ya ploti nzima ya futi 50 kwa 100, ndani ya nusu kijiko!

Kuta hizo ndizo hunasa uchafu. Mkaa amilifu huondoa harufu, ladha mbaya, rangi, klorini iliyozidi na aina nyingi za dawa za kuua wadudu wa mimea. Duniani kote viwanda vya maji huutumia, na mwingi hutengenezwa kwa vifuu vya nazi. Watafiti wa nchi nyingi pia wamejaribu maganda ya kahawa, ndizi na mananasi ili kunasa rangi za viwandani na madini mazito kama risasi. Mengi ya majaribio hayo yangali maabara, hayajafika dukani.

KILA MKAA NA KAZI YAKE

Hapa ndipo walezi wengi huchanganyikiwa, na wakati mwingine wauzaji hutumia nafasi hiyo. Mtu anakuja na chombo kizuri, anakwambia, "Mama, hii ina mkaa, inaondoa kila kitu." Hakuna mkaa unaoondoa kila kitu.

Mkaa wa mifupa huondoa floraidi. Mkaa amilifu wa maganda huondoa harufu, rangi na kemikali kadhaa, lakini hauondoi floraidi kwa kiasi cha kutegemewa. Na yote miwili haiui vijidudu. Kwa kweli, chembe za mkaa zikikaa na maji muda mrefu bila kusafishwa zinaweza kuwa makao ya vijidudu.

Kwa hiyo, chuja kwanza, kisha tibu. Ukitia dawa ya klorini kabla ya kuchuja, mkaa utaila dawa yote na maji yatatoka bila kinga. Chuja, pokea maji katika chombo safi chenye kifuniko, tia dawa kama maagizo ya chupa yanavyosema, ngoja nusu saa, ndipo mtoto anywe. Au chemsha baada ya kuchuja.

Jambo lingine: mkaa wa mifupa huchoka. Ukishajaa floraidi, huacha kushika zaidi. Maji yataendelea kutoka maangavu, yakiwa na ladha ile ile, na wewe hutajua. Kichungi kilichochoka ni hatari kwa sababu kinakupa imani ya bure. Kabla ya kununua, muulize muuzaji: Kinaondoa nini? Kimepimwa wapi? Mkaa utabadilishwa baada ya lita ngapi? Nani atapima maji yangu baadaye? Akikosa majibu, hifadhi pesa zako.

USIJARIBU HAYA JIKONI

Tafadhali, usichome mifupa ya supu kwenye jiko ukaitia katika mtungi wa maji. Moto wa jiko haupimiki, moshi wake ni mbaya kwa mapafu ya mtoto, na mfupa usioiva vizuri huoza ndani ya maji. Pia usitie makaa ya kawaida ya kupikia ukidhani yatafanya kazi ya mkaa wa mifupa. Hayashiki floraidi.

UFANYE NINI WIKI HII

Kwanza, uliza. Muulize mwenye ploti au mwenye kisima akuonyeshe karatasi ya maabara ya maji yake. Tafuta mstari wa floraidi, ambayo mara nyingi huandikwa kwa herufi F. Kama tarakimu imezidi 1.5, maji hayo si ya kumpa mtoto. Kama hakuna karatasi, wapangaji shirikianeni mpeleke ombi pamoja, au mwende kwa afisa wa afya ya umma awaelekeze maji yanakoweza kupimwa. Gharama ikigawanywa kwa nyumba kumi haiumi sana.

Pili, gawa maji kwa kazi. Maji ya kisima yenye floraidi yanafaa kufulia, kupigia deki na kuogea, kwa sababu floraidi haiingii mwilini kupitia ngozi. Maji ya kunywa na kupikia ndiyo ya kuchagua. Maji ya mfereji yanayotoka mitoni kwa kawaida huwa na floraidi kidogo. Bwawa la Karimenu II huko Gatundu, lililozinduliwa mwaka 2022, lilijengwa ili kuongeza maji ya aina hii Ruiru na Juja. Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Acha mvua ya kwanza ioshe bati, kisha kinga katika tangi au pipa safi lenye kifuniko, na uyatibu kabla ya kunywa.

Tatu, mnyonyeshe mtoto maziwa ya mama pekee hadi atimize miezi 6. Hata mama anapokunywa maji yenye floraidi, ni kidogo sana inayopita kwenye maziwa yake. Lakini mtoto anayepewa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji ya kisima hupata floraidi yote iliyo katika maji hayo, kila siku, mara nyingi kwa siku.

Nne, tazama sufuria. Magadi tunayotia ili githeri au mboga ilainike haraka yanaweza kuwa na floraidi nyingi. Loweka maharagwe na mahindi usiku kucha badala yake. Majani ya chai pia yana floraidi, kwa hiyo usimzoeze mtoto mdogo chai ya rangi.

MASWALI AMBAYO WALEZI HUULIZA

Mtoto wangu mkubwa tayari ana madoa. Nifanye nini? Usimlaumu, si uchafu wala uzembe. Mpeleke kwa daktari wa meno, kuna matibabu ya kupunguza au kufunika madoa. Na ubadilishe maji sasa kwa ajili ya wadogo zake.

Basi niache kumpigia mswaki kwa dawa ya meno? Hapana. Mtoto wa chini ya miaka 3 atumie dawa kidogo kama punje ya mchele. Mkubwa kidogo atumie kiasi cha punje ya njegere. Mfundishe kutema, asimeze.

Kisima chetu kina floraidi. Je, niende kuchota mtoni? Usichote maji ya mto na kumpa mtoto bila kuyatibu. Kuhara kunaweza kumuua mtoto kwa siku chache, wakati floraidi huharibu polepole kwa miaka. Usikimbie moja ukaangukia nyingine. Popote yanapotoka maji, vijidudu viuawe kwanza, na floraidi ipimwe.

Mkaa huu ni wa mifupa ya mnyama gani? Kwa kawaida ni ya ng'ombe. Kama imani yako ina masharti, muulize muuzaji mifupa ilitoka wapi kabla hujalipa. Ni haki yako kujua.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Maji maangavu yanaweza kuwa na floraidi. Ni kipimo pekee kinachoonyesha.
2. Kiwango cha juu ni miligramu 1.5 katika lita moja.
3. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi.
4. Mkaa wa mifupa ni wa floraidi. Mkaa amilifu wa maganda ni wa harufu, rangi na kemikali kadhaa. Hakuna kati yao unaoua vijidudu.
5. Chuja kwanza, kisha tibu maji.
6. Mkaa huchoka. Ujue siku ya kuubadilisha.
7. Hadi miezi 6, maziwa ya mama pekee.

Mama, mlezi, mifupa na maganda yanayotupwa yanaweza kulinda meno ya watoto wetu, lakini yakiandaliwa na wenye ujuzi na yakitumiwa kwa kazi yake. Kabla ya kununua chochote, anza na kile kisichohitaji pesa: leo jioni, mwenye ploti akija, muulize ile karatasi ya maji. Na mweleze jirani yako uliyosikia hapa.